Bei ya Ndoo Thelathini

Jumamosi, 16 Aprili 1977

Somo la sita. Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikaoga, nikanywa chai iliyobaki, nikatembea kutoka Ziwani mpaka Eastleigh. Saa tatu kamili nilikuwa kibandani kwa Fundi Karanja. Akaniona, akaweka nyundo chini, akafuta ubao wake kwa mkono. Ubao wenyewe ni kipande cha bati na chaki.

Leo mzingo wa duara. Kipenyo sentimita ishirini na nane. Zidisha kwa ishirini na mbili, gawanya kwa saba. Themanini na nane. Akaniambia niongeze mbili za mkunjo, pale ncha mbili za bati zinapokutana. Nikamwambia kitabu hakina mkunjo. Akasema ndiyo maana ndoo za kitabuni zinavuja.

Nikamuuliza tena bei ya masomo. Mara ya nne hii. Jibu ni lile lile: "Utalipa vile utaona, Mama Mwende. Mimi siuzi ndoo kabla ya kuijaza maji."

Nimekasirika njia nzima. Mtu akikutajia bei unaweza kulia, unaweza kuomba akupunguzie. "Vile utaona" utaipunguza vipi?

Jumapili, 17 Aprili

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria bei.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Mimi ni mhudumu wa wodi. Miaka kumi na mmoja nafagia, nasugua, nabeba vyombo vya wagonjwa. Nataka kuwa muuguzi. Chuo kinataka cheti cha Kidato cha Pili chenye hesabu. Nimefanya mtihani huo mara mbili kama mtahiniwa wa nje. Kiingereza nilipita. Kiswahili nilipita. Biolojia nilipita vizuri sana. Hesabu nikaanguka mara zote mbili, ya pili vibaya kuliko ya kwanza.

Matroni ameniambia waziwazi kwamba chuo hakichukui aliyetimiza miaka thelathini na mitano. Nitaitimiza Mei mwaka ujao. Darasa jipya linaingia Machi. Mtihani ni Novemba hii. Ni mara hii tu. Nikianguka nitazeeka na ufagio.

Fundi nilimpata Februari nilipokwenda kununua ndoo. Alikuwa anapiga hesabu ya mduara kwa chaki juu ya bati, midomo ikichezacheza. Nikauliza anafanya nini. Akanieleza kwa dakika mbili jambo ambalo walimu wawili wa jioni walishindwa kunieleza kwa mwaka mzima. Kumbe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka tisa. Aliacha kwa sababu nyundo ililipa vizuri kuliko chaki. Nikamwomba anifundishe Jumamosi, saa moja tu. Akakubali. Bei hakutaja, na mimi kwa furaha sikushikilia. Kosa langu.

Alhamisi, 21 Aprili

Nimeulizauliza. Jirani anasema vijana wa Kidato cha Sita wanatoza shilingi tano kwa saa. Mwenzangu wa wodini anasema mwalimu wa kweli ni kumi. Baba Mwende anasema nisilipe kitu. Yeye ni dereva wa lori la mkate na ana majibu ya kila jambo. Eti fundi wa ndoo hulipwa kwa ndoo, na ndoo ninayo tayari. Akacheka mwenyewe.

Mimi sicheki. Nikimpa tano nimemfanya mtoto wa shule. Ana mvi yule. Nikimpa kumi, atadhani najigamba, au namhurumia kwa vile aliacha ualimu. Mshahara wangu ni mia tatu na themanini. Kuna kodi, kuna karo ya Mwende. Sijui kilicho haki. Hilo ndilo linaloniuma, kutojua.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimepata njia. Kwetu Ukambani huendi kwa mwalimu mikono mitupu. Basi, nitalipa kwa zawadi, kidogokidogo, na mwisho deni litakuwa limekwisha bila mtu kutaja bei. Leo nimepakia kiondo changu, kikapu kikubwa cha kusuka. Sukari kilo mbili, majani ya chai, mkebe wa mafuta ya kupikia. Baada ya somo nikazunguka nyuma ya kibanda, wanakokaa, nikampa mkewe, Mama Njeri. Akafurahi kweli. Nikajisikia mwepesi.

Nikaaga. Akanishika mkono, ningoje kidogo. Akaingia ndani na kiondo changu. Kikatoka kimejaa viazi mpaka juu. Dada yake analima Kinangop, viazi vinakuja kwa gunia.

Ningesema nini? Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwao hivyo, kwetu hivyo. Hata mimi nisingekirudisha kitupu, mama yangu angenikana. Nimevibeba mpaka Ziwani, mkanda ukinikata kichwa. Vile viazi ni vingi kuliko sukari yangu.

Jumamosi, 7 Mei

Leo nimepeleka mchele kilo tatu na leso mpya. Nikajiambia, hapa lazima nimemzidi.

Nimerudi na kabichi mbili, njahi, yale maharagwe yao meusi, kilo nzima, na kuku. Kuku mzima, amefungwa miguu, ananitazama.

Baba Mwende amesema masomo haya yana faida, niongeze siku.

Jumamosi, 21 Mei

Nilifikiri nimekuwa mjanja. Kama tatizo ni kiondo, nisiende na kiondo. Nikaweka unga na sabuni kwenye mfuko wa karatasi, wa kutupa. Hakuna chombo, hakuna cha kurudishwa.

Mama Njeri akautazama ule mfuko kwa huruma. "Mama Mwende, hata kiondo umekosa? Si ungeniambia." Akaingia ndani, akatoka na kikapu chake mwenyewe, kipya, chenye mayai kumi na mawili.

Sasa nina mayai na kikapu cha watu. Na hicho kikapu nacho hakiwezi kurudi kitupu.

Nilitaka kulia na nikacheka, barabarani, peke yangu. Watu wakaniangalia.

Jumamosi, 11 Juni

Siku mbaya. Namba za hasi, zile za chini ya sifuri. Hapa ndipo nilipozama mara zote mbili. Tatu ukitoa saba. Nikamwambia Fundi haiwezekani, ukiwa na machungwa matatu utatoaje saba? Akaeleza kwa ngazi. Akaeleza kwa shimo na udongo. Akaeleza kwa baridi ya Ulaya. Sijafika Ulaya.

Nikatupa penseli. Ikaingia kwenye makaa yake ikaungua. Mtu mzima mimi, mama wa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

 Fundi akarudi kwenye bati lake akapiga nyundo. Nikakaa pale kwenye kigoda mpaka saa yangu ikaisha. Nimerudi nyumbani nikijichukia. Naona barua ya kuingia chuo ikienda kwa mwingine.

Jumanne, 14 Juni

Nimeelewa.

Niandike pole pole kabla haijatoroka. Mchana nilikuwa namenya viazi vya Mama Njeri. Mwende akalalamika, viazi tena. Nikaanza kumwambia ni vya mwalimu wangu, ninavimenya huku nadaiwa. Nikaacha kisu. Nilianza na Mama Njeri tukiwa sawa, sifuri. Nikapeleka vitu vya shilingi ishirini, nikapanda. Nikarudishiwa vya thelathini. Nimeshuka, sikuishia kwenye sifuri, nimeipita. Niko kumi chini. Ninavyo viazi mkononi, vya kweli, vinamenyeka, na bado niko kumi chini ya sifuri!

Nikachukua karatasi ya bucha nikaandika yote. Sukari, hasi viazi. Mchele na leso, hasi kuku. Kila nilipolipa nilizama zaidi. Nikaweka jumla mwishoni. Hasi thelathini na mbili. Nimeitazama ile alama ya hasi kama mtu niliyekuwa nakutana naye kila siku sokoni bila kumjua jina.

Halafu nikajiuliza, je, Mama Njeri akisema "sahau kuku"? Kuondoa deni. Kutoa hasi. Ninapanda! Hilo nalo nimelielewa, palepale, maganda yakiwa miguuni.

Mwende anasema nimeimba jikoni.

Jumamosi, 18 Juni

Fundi ameniwekea maswali ishirini ya hasi. Nimepata ishirini. Akayapitia mara mbili akitafuta tundu. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia mke wako. Hakuelewa, na mimi sikueleza.

Jumamosi, 9 Julai

Milinganyo. Napenda milinganyo. Sikuwahi kudhani nitaandika sentensi hiyo.

Vikapu vinaendelea. Sijashinda hata mara moja.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimeona jambo leo na sijatulia tangu asubuhi.

Fundi amepata oda ya ndoo mia kwa ajili ya shule moja ya bweni. Siku ya kuchukua ilikuwa leo. Nilipofika, karani wa shule alikuwa amesimama na lori, anahesabu. Tisini na tisa. Akaanza kufoka. Fundi akamwambia arudi saa tano. Halafu akanitazama, akaangalia saa, akaweka nyundo chini.

Nikamwambia leo tuache, amalize ndoo ya watu. Akakataa. "Saa tatu ni yako," akasema. Akafuta ubao. Yule karani akaketi kwenye lori amenuna, na mimi nikafundishwa ujazo wa tangi huku masikio yakiniwaka.

Ilipogonga saa nne akachukua nyundo. Sikuondoka. Nikamshikia bati. Saa tano ndoo ya mia ilikuwa tayari, akaijaza maji, akainua juu tukaitazama chini yake. Kavu. Karani akaenda zake.

Kwa hiyo saa moja ni ndoo moja. Kila Jumamosi nilipokaa pale, kulikuwa na ndoo moja ambayo haikutengenezwa. Nimekuwa nikikaa juu ya ndoo za watu na sikujua.

Jumatano, 28 Septemba

Baba Mwende amepata mkebe wa kakao ninamoweka akiba ya Fundi. Mia moja na ishirini. Akauliza kwa nini pesa zinalala wakati nyumba ya Machakos haina paa jikoni. Nikasema ni za mwalimu. Akauliza mwalimu amedai kiasi gani. Nikasema hajadai. Akasema mwanamke anamfichia pesa mtu ambaye hajadai! Tukanuniana. Chakula cha jioni, viazi.

Ana haki kidogo. Ningekuwa na bei ningemjibu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Wiki mbili na nusu zimebaki. Wodini muuguzi mmoja mdogo, wa juzi tu, ameniona na kitabu kwenye chumba cha mashuka. Akauliza kama ni cha mwanangu. Nikasema ni changu. Akasema "pole" kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa. Nilisugua sakafu yote ile mara mbili kwa hasira. Halafu nikakokotoa eneo lake.

Usingizi unanipita. Naogopa, naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema.

Jumamosi, 5 Novemba

Somo la mwisho. Nimehesabu alama zangu nyuma ya daftari. Jumamosi thelathini na sita tangu tuanze, sita nilikosa kwa Pasaka, zamu na homa ya Mwende. Masomo thelathini.

Hakunipa hesabu yoyote leo. Alinipa ndoo mpya, akasema niijaze maji kwenye bomba la jirani. Nikaijaza. Nikaiinua. Haikuvuja. Akasema, "Jumatatu ni hivyo hivyo. Wajazie tu."

Sikuuliza bei. Mara ya kwanza.

Jumatatu, 7 Novemba

Imekwisha. Ukumbi umejaa vijana wa miaka kumi na mitano na mimi. Msimamizi alidhani nimekuja kufagia, akanionyesha mlango wa nyuma. Nikamwonyesha namba yangu ya mtihani. Akaomba radhi.

Swali la saba lilikuwa tangi la mviringo. Kipenyo, kimo, litachukua lita ngapi. Nilicheka kwa sauti. Kijana wa pembeni akageuka. Ningeweza kuwaambia hata mkunjo wake ungekuwa kiasi gani.

Swali la kumi na moja lilikuwa la hasi. Nikamwona kuku wa Mama Njeri amefungwa miguu. Nikaandika jibu bila kuinua kalamu.

Nadhani nimepita. Naandika "nadhani" kwa adabu tu.

Jumapili, 11 Desemba

Matokeo mpaka mwakani. Fundi hataki senti kabla ya matokeo, amesema wazi. Lakini mimi siwezi kukaa hivi. Leo nimeketi mezani nikasema nitaitafuta bei mwenyewe kama swali la mtihani.

Saa moja ni ndoo moja. Masomo thelathini, ndoo thelathini. Ndoo anaiuza shilingi kumi na tano. Thelathini mara kumi na tano. Mia nne na hamsini.

Nikaweka kalamu chini. Ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Machozi yakanitoka, siyo ya uchoyo. Nilikuwa nimefika kwenye haki na haki yenyewe siiwezi.

Baba Mwende alikuwa anakula. Akavuta karatasi, akaisoma akitafuna. Nikajua atacheka. Hakucheka. Akasema, "Kwani hiyo ndoo anaitengeneza na hewa?"

Nikamtazama. Akasema bati hakulitumia. Ile Jumamosi ndoo haikutengenezwa, na bati lake lilibaki pale pale ukutani, akalitumia Jumatatu. Alichopoteza ni mkono wake tu. Halafu akaomba mchuzi zaidi.

Dereva wa mkate! Nimempa mchuzi na nyama yangu pia.

Jumatano, 14 Desemba

Mchana nimepita kwenye duka la vifaa, upande wa Eastleigh, nikauliza bei ya bati bapa. Shilingi arobaini na nane, urefu sentimita mia mbili na arobaini, upana tisini. Mwenye duka akauliza nataka mangapi. Nikamwambia hata moja, nataka vipimo. Akaniona mwendawazimu.

Nyumbani nikachora. Mwili wa ndoo ni tisini kwa thelathini, mkunjo ukiwemo. Kitako ni thelathini kwa thelathini, ukingo wa kukunja ukiwemo. Nikapanga miili sita kukata upana wa bati. Urefu mia moja na themanini umekwisha, imebaki sitini kwa tisini. Humo vitako vinaingia sita. Kamili! Hakuna kinachotupwa. Nilichora mara tatu nikidhani nimekosea. Bati moja, ndoo sita, kila ndoo bati la shilingi nane.

Waya wa mkono, risasi ya kuunganishia na makaa, namuwekea shilingi moja. Jumla tisa. Kumi na tano ukitoa tisa ni sita. Mkono wa Fundi kwa saa moja ni shilingi sita.

Thelathini mara sita. Mia moja na themanini.

Siyo tano ya kijana wa shule. Siyo kumi ya kujigamba. Ni sita, na najua kwa nini ni sita. Nimemsomea Baba Mwende hatua zote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye koti lake, akaleta noti ya ishirini akaiweka kwenye mkebe. Hakusema kitu kuhusu paa.

Vikapu sijaviweka kwenye hesabu. Nilijaribu. Vinanipeleka chini ya sifuri.

Alhamisi, 9 Februari 1978

NIMEPITA.

Matroni ameniita ofisini mbele ya wauguzi wote. Nilikwenda na ufagio mkononi, nilisahau kuuweka. Hesabu nimepita, na siyo kwa kukwangura. Ni alama ya juu kuliko Biolojia yangu! Matroni akasoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akatia sahihi barua ya chuo papo hapo. Naingia Machi. Yule muuguzi mdogo alikuwa pale. Akanipa mkono kwa mikono miwili.

Nilirudi wodini nikamaliza sakafu. Sijawahi kusugua sakafu kwa raha hivyo. Wagonjwa wakauliza kuna nini. Nikawaambia. Bibi wa kitanda cha nne akapiga vigelegele, na alikuwa amekatazwa kujitingisha.

Baba Mwende amekuja na mikate minane. Ameigawa mlango hadi mlango, anamwambia kila mtu kwamba mkewe anajua hesabu kuliko kampuni yao nzima. Sikumkataza.

Jumamosi, 11 Februari

Saa tatu kamili. Nilivaa gauni la kanisani. Kwenye kiondo niliweka barua ya chuo, mia moja na themanini ndani ya bahasha, na karatasi ya hesabu niliyoinakili vizuri kwa wino.

Nikampa barua kwanza. Akaisoma amesimama. Akavua kofia, akaivaa tena. Macho yake niliyaona yakilowa.

Halafu nikampa karatasi. Nikamwambia, "Ulisema nilipe vile nitaona, Fundi. Hivi ndivyo nilivyoona."

Akaketi kwenye kigoda changu. Akaisoma kutoka juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama nilivyozoea kumwona akitafuta tundu. Kidole kikasimama kwenye mstari wa bati. Akachukua chaki, akachora mwenyewe zile ndoo sita, akavipanga vitako sita. Akanung'unika kidogo. Akauliza kama nimeweka mkunjo. Nikamwonyesha. Akauliza risasi. Nikamwonyesha. Akafika chini.

"Na kuku?" akauliza.

"Kuku ni mambo yangu na Mama Njeri."

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka mwaka mzima. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

"Haivuji," akasema.

Akazihesabu pesa mara mbili, noti kwa noti, kama anavyohesabu za mteja yeyote. Nilifurahi kwamba alizihesabu. Hakunirudishia hata moja, hakuniambia ni nyingi, hakuniambia asante sana kama mtu aliyesaidiwa. Akanipa mkono. Mkono mgumu kama mbao. Nikamwita Mwalimu, badala ya Fundi, ikanitoka tu. Akajifanya hakusikia, akachukua nyundo.

Nikaenda nyuma kumuaga Mama Njeri. Alikuwa amekwisha kusikia, akanikumbatia mpaka kitambaa changu kikaanguka. Nikamwambia leo nina ombi moja. Kiondo hiki kirudi kitupu. Tafadhali. Nimelipa, hesabu imefika sifuri, akiweka kitu ataniharibia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akakubali. Akakichukua tu akipanguse vumbi, akanirudishia. Kilikuwa chepesi begani. Nilitembea Eastleigh mpaka Ziwani nikirusha mikono kama askari wa gwaride.

Jumapili, 12 Februari

Kanisani nimesikia mahubiri yote.

Mvua kidogo alasiri. Mwende anafanya hesabu zake mezani, ameniuliza swali moja tu, nimelijibu. Baba Mwende amelala kwenye kiti, gazeti usoni. Nimepiga pasi gauni, nimefuta viatu vya kwenda navyo chuoni. Vinatosha, vinahitaji soli tu.

Nilipotaka kutundika kiondo kwenye msumari, nikasikia kitu kinabingirika ndani. Nikatia mkono mpaka chini kabisa.

Kiazi kimoja. Kidogo, kimeoshwa.

Nimekiweka dirishani. Hasi moja.